Leseni ya Kenya, Barabara za Ujerumani: Hesabu Miezi Yako Sita

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi jijini Berlin. Tangu wakati huo, ni nadra tuhudhurie baraza la wadi bila kijana kusimama na kuuliza habari za kazi za Ujerumani. Huuliza kuhusu viza, mtihani wa lugha na mshahara. Swali moja sijawahi kulisikia: nikifika kule, nitaruhusiwa kuendesha gari?

Huenda swali hilo likaonekana dogo. Lakini muuguzi anayehudumia wazee majumbani mwao, fundi wa umeme anayetumwa nyumba hadi nyumba, au mfanyakazi wa shamba anayeishi mbali na kituo cha treni, wote hao kazi yao inategemea gari. Matangazo mengi ya kazi za aina hiyo huweka leseni ya daraja B, yaani ya gari dogo, kuwa sharti.

Mimi mwenyewe nililijua jambo hili kupitia kwa dada yangu, mtoto wa mama mdogo. Alikwenda Ujerumani kama muuguzi, akiwa na leseni halali ya Kenya na uzoefu wa miaka minne barabarani. Mwajiri alimpa gari dogo la kazi. Kila asubuhi alizunguka vijijini kupima sukari, kufunga vidonda na kuwaogesha wazee. Mwezi wa saba ulipoanza, msimamizi wake alikagua faili za wafanyakazi, akamwomba arudishe ufunguo.

Leseni yake ilikuwa bado na zaidi ya mwaka mmoja kwa tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwa sheria ya Ujerumani, ilikuwa imekwisha nguvu siku kumi na moja zilizopita, na safari zote za siku hizo zilikuwa kosa. Bahati yake hakusimamishwa na polisi wala hakugonga mtu. Hata hivyo, miezi mitano iliyofuata alipewa saa chache za kazi na mshahara ukapungua, huku nyumbani karo za wadogo zake zikimngoja yeye.

"Laiti mtu angeniambia kabla sijapanda ndege," aliniambia kwa simu. Somo la toleo hili ni la kumwambia anayefuata.

Malengo ya somo

Ukimaliza kusoma makala haya utaweza:

1. Kueleza leseni ya Kenya inatumika Ujerumani kwa muda gani na muda huo unahesabiwa kuanzia lini.
2. Kutaja mambo ya kutayarisha ukiwa bado nyumbani.
3. Kufuata hatua za kupata leseni ya Ujerumani, hadi mtihani wa barabarani.
4. Kutambua mitego inayowagharimu wengi.

Tukumbushane kwanza kwamba serikali ya kaunti haitoi leseni za udereva. Hapa nchini kazi hiyo ni ya NTSA. Ujerumani, kazi hiyo hufanywa na ofisi ya leseni ya mji au wilaya unayoishi, inayojulikana kama "Führerscheinstelle". Jukumu letu hapa ni kukupa elimu.

Miezi sita huanza lini?

Mtalii kutoka Kenya anaweza kuendesha gari Ujerumani kwa leseni yake ya Kenya mradi iwe halali. Mambo hubadilika mtu anapohamia kule kuishi. Kuanzia siku anapoweka makazi yake Ujerumani, leseni yake ya Kenya hutambuliwa kwa miezi sita tu. Baada ya hapo haina nguvu tena kwenye barabara za nchi hiyo, hata kama kwa NTSA bado ni halali kwa miaka miwili.

Hesabu haianzi siku ulipoanza kazi, wala siku ulipoendesha gari kwa mara ya kwanza. Huanza unapoanza kuishi kule. Anayehamia Ujerumani anatakiwa kujisajili katika ofisi ya wakaazi ndani ya wiki mbili baada ya kuingia katika nyumba yake, na cheti cha usajili huo ndicho ushahidi ambao ofisi huutazama mara nyingi. Kwa hivyo, siku unapoingia nyumbani kwako, chukua kalenda na utie alama tarehe ya miezi sita mbele.

Kuna nafasi moja ya kuongezewa muda. Mtu anayeweza kuthibitisha kwamba hataishi Ujerumani zaidi ya miezi 12, kwa mfano aliye na mkataba wa miezi kumi, anaweza kuomba ofisi ya leseni imwongezee hadi miezi sita mingine. Mwenye mkataba wa miaka miwili au mitatu hana nafasi hiyo.

Haibadilishwi moja kwa moja, lakini usiidharau

Ujerumani ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani wowote au kwa mtihani mmoja tu. Kutoka Afrika, Afrika Kusini na Namibia zimo. Kenya haimo. Maana yake ni kwamba Mkenya anayetaka leseni ya Ujerumani lazima afanye mitihani miwili, wa nadharia na wa barabarani.

Wengi wakisikia hivyo hukata tamaa, wakidhani leseni ya nyumbani haina faida. Hapo wanakosea. Mjerumani anayeanza kujifunza leo analazimishwa na sheria kuhudhuria vipindi 14 vya nadharia, kila kimoja cha dakika 90. Juu ya hivyo, hufanya masomo 12 maalumu ya kuendesha: matano katika barabara za nje ya mji, manne katika barabara kuu ya kasi na matatu gizani. Gharama yake yote, pamoja na masomo ya kawaida, mara nyingi hupita euro 2,000.

Mwenye leseni halali ya kigeni hasukumwi katika mafunzo hayo ya lazima. Anahitaji shule ya udereva, kwa sababu mtihani wa barabarani hufanywa kwa gari la shule huku mwalimu akiwa ameketi kando yake. Lakini masomo atakayochukua ni yale tu ambayo yeye na mwalimu wameona anayahitaji. Kila somo la dakika 45 mara nyingi hugharimu zaidi ya euro 50, kwa hivyo kupunguza hata masomo kumi ni fedha za kutosha kutuma nyumbani.

Kwa maneno mengine, leseni ya Kenya haikupi leseni ya Ujerumani, ila inakupunguzia safari. Ndiyo sababu aliye na nia ya kuhamia kule afadhali aende nayo.

Mambo ya kutayarisha ukiwa nyumbani

Kwanza, hakikisha leseni yako ni halali na itabaki halali kwa muda wa kutosha baada ya kufika. Kama inakaribia kuisha, ifanye upya kupitia eCitizen kabla ya kusafiri. Kibali cha mwanafunzi wa udereva hakitambuliwi Ujerumani, hivyo usiondoke ukiwa umebakiza mtihani wa mwisho.

Pili, ipate leseni kabla ya kuhamia. Leseni ya Kenya iliyotolewa wakati wewe tayari ni mkaazi wa Ujerumani haitambuliwi. Wapo wanaosema, "Nitakuja likizo ya Disemba, nifanye mtihani nyumbani kwa bei nafuu, kisha nirudi nayo." Mpango huo hauna faida. Ofisi italinganisha tarehe ya leseni na tarehe ya usajili wa makazi, na mambo yataishia hapo.

Tatu, panga kupata tafsiri ya leseni kwa Kijerumani kutoka kwa mtafsiri anayetambuliwa. Kibali cha kimataifa cha udereva kinaweza kukusaidia kueleweka na polisi, lakini hakiongezi hata siku moja juu ya ile miezi sita. Kwa ombi la leseni, tafsiri ya Kijerumani ndiyo njia salama.

Nne, piga picha za leseni pande zote mbili na uzihifadhi. Mwishoni mwa safari hii, utakapokabidhiwa leseni ya Ujerumani, utatakiwa kuisalimisha ile ya Kenya. Ni vizuri ubaki na kumbukumbu.

Tano, jizoeze kuendesha gari la gia za mkono. Ukifanya mtihani kwa gari otomatiki bila mafunzo ya ziada ya gia, leseni yako itakufunga kwenye magari otomatiki pekee. Kama gari la kazi ni la gia, hutaligusa.

Ukishafika, hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Jisajili katika ofisi ya wakaazi na uweke cheti cha usajili mahali salama.

Hatua ya 2: Pima macho. Kipimo hiki, kiitwacho "Sehtest", hufanywa hata katika maduka ya miwani na huchukua dakika chache. Cheti chake hutumika kwa miaka miwili.

Hatua ya 3: Hudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza. Ni vipindi tisa vya dakika 45, ambavyo kwa kawaida humalizika kwa siku moja. Hutolewa na mashirika kama Msalaba Mwekundu wa Ujerumani. Muuguzi anaweza kusamehewa hatua hii akionyesha cheti cha taaluma kinachokubalika, kwa hivyo aulize ofisini kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Chagua shule ya udereva, "Fahrschule". Zungumza na shule mbili au tatu, ulize bei ya somo, ada ya usajili na muda wa kungoja mtihani. Eleza wazi kwamba tayari una leseni ya kigeni. Usipoeleza, unaweza kuandikishwa kama mwanafunzi mpya na kulipia mafunzo ambayo sheria haikulazimishi.

Hatua ya 5: Peleka ombi katika ofisi ya leseni. Beba pasipoti na kibali cha kuishi, cheti cha usajili wa makazi, picha ya pasipoti, cheti cha macho, cheti cha huduma ya kwanza, leseni halisi pamoja na tafsiri yake, na jina la shule uliyochagua. Ombi huchukua wiki kadhaa kushughulikiwa, na katika miji mikubwa laweza kuchukua muda zaidi. Huwezi kuketi katika mtihani kabla ofisi haijaidhinisha.

Hapa ndipo dada yangu alipokwama. Alingoja hadi mwezi wa tano kupeleka ombi, akiamini kwamba kuwa na ombi mezani kunamlinda. Sivyo. Kupeleka ombi hakurefushi miezi sita. Ikipita kabla hujapewa leseni mpya, unaegesha gari na kungoja.

Mtihani wa nadharia

Mtihani huu hufanywa kwa kompyuta. Hutolewa kwa Kijerumani na kwa lugha nyingine 12, kikiwemo Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Kiswahili hakimo, ila Mkenya aliyesoma hadi kidato cha nne anaweza kuufanya kwa Kiingereza bila shida ya lugha.

Kwa anayetafuta daraja B kwa mara ya kwanza, mtihani una maswali 30. Kila swali lina uzito wa pointi 2 hadi 5. Hapa usihesabu alama unazopata, hesabu makosa: yakizidi pointi 10 umeanguka. Vilevile, ukikosea maswali mawili yenye pointi 5 umeanguka, hata kama hukukosea jingine lolote.

Ugumu mwingine ni kwamba swali moja linaweza kuwa na majibu mawili au matatu yaliyo sahihi. Ukiacha moja, swali zima limekosewa. Maswali mengine huja na video fupi, nawe unatakiwa kueleza ni hatari gani iliyomo. Benki ya maswali ina zaidi ya maswali 1,000, na programu za simu za kufanyia mazoezi zinapatikana. Anayejipima nusu saa kila jioni kwa wiki sita huingia katika chumba cha mtihani akiwa ametulia. Anayetegemea uzoefu wa barabarani pekee huanguka, kwa kuwa mtihani haupimi uzoefu bali sheria ilivyoandikwa.

Ukifaulu, una miezi 12 ya kufanya mtihani wa barabarani. Ikipita, unarudia nadharia.

Mtihani wa barabarani

Mtihani huu huchukua dakika 55. Wewe uko kwenye usukani, mwalimu yuko kando, na mtahini ameketi kiti cha nyuma. Mtahini hutoa maagizo kwa Kijerumani. Hutahitaji Kijerumani cha hali ya juu, lakini lazima ujue bila kufikiri maneno ya kulia, kushoto, moja kwa moja, egesha, geuka na simama. Mwombe mwalimu akufundishe masomo yote kwa maneno yale yale atakayoyatumia mtahini.

Dereva mzoefu wa Kenya huwa na mazoea ambayo mkono na jicho lake lazima vijifunze upya. Haya ndiyo makubwa:

Upande wa barabara. Sisi huendesha kushoto, wao huendesha kulia. Barabara iliyojaa magari itakuongoza yenyewe. Hatari kubwa huja unapokunja kona kuingia barabara tupu, asubuhi na mapema, akili ikiwa imechoka. Katika mzunguko pia, magari huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, tofauti na kwetu.

Kulia kwanza. Katika makutano yasiyo na taa wala alama, anayetoka upande wako wa kulia ndiye hupita kwanza. Barabara kuwa pana au gari lako kuwa kubwa hakubadilishi kitu. Hata mwendesha baiskeli akitoka kulia, unampisha. Mitaa ya makazi imejaa makutano ya aina hii, na watahini hupenda kupitia huko.

Baiskeli na wanaotembea. Unapompita mwendesha baiskeli, acha nafasi isiyopungua mita 1.5 ndani ya mji na mita 2 nje ya mji. Kabla ya kukunja kulia, geuza kichwa na utazame juu ya bega, kwa sababu kioo hakionyeshi kila kitu. Usipogeuza kichwa, mtahini ataona. Kwenye milia ya pundamilia, mtu anayetaka kuvuka unasimama umpishe.

Mwendo. Ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na katika mitaa mingi ya makazi ni 30. Nje ya mji ni 100. Katika barabara kuu ya kasi, pasipo na alama ya kikomo, unashauriwa usipite 130. Kuendesha polepole kupita kiasi bila sababu nalo huhesabiwa kosa.

Alama ya kusimama. Magurudumu lazima yasimame kabisa. Kupunguza mwendo na kuteleza mbele, kama wengi wetu tulivyozoea, kunatosha kukuangusha.

Honi na taa. Honi ni ya kuonya hatari. Kumpigia honi aliyechelewa kuondoka kwenye taa, au kumwashia mwenzako taa umwite apite, ni tabia za kuacha uwanja wa ndege.

Njia ya uokoaji. Magari yanapokwama katika barabara kuu yenye njia mbili au zaidi, walio njia ya kushoto kabisa husogea kushoto, na wengine wote husogea kulia. Katikati hubaki njia ya ambulensi na zimamoto. Hufanywa mara msongamano unapoanza, kabla king'ora hakijasikika.

Ukianguka, kwa kawaida unangoja wiki mbili kabla ya kurudia, nawe unalipa ada upya. Hakuna aibu, wenyeji nao huanguka. Lakini kila kuanguka kunakula wiki zako katika ile miezi sita.

Madereva wa lori, basi na matatu

Vijana wengi wa kaunti yetu wana uzoefu wa matatu na malori, na Ujerumani ina uhaba wa madereva wa aina hiyo. Jihadhari na anayekuambia kwamba leseni yako ya Kenya inatosha. Baada ya miezi sita, dereva wa lori atahitaji daraja C na wa basi daraja D, kwa mitihani yake, uchunguzi wa afya na kipimo cha kina cha macho. Juu ya hapo, anayeendesha kama kazi ya kulipwa anahitaji sifa maalumu ya udereva wa kitaaluma inayotolewa kwa mafunzo na mtihani.

Kwa hivyo, kabla ya kusaini mkataba wa udereva, uliza maswali matatu na upate majibu kwa maandishi: nani atalipia mafunzo na mitihani? Nitalipwa kiasi gani wakati bado sijafaulu? Nikianguka, mkataba wangu unakuwaje? Ajenti mwenyewe mthibitishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, kabla ya kumpa hata shilingi.

Mitego ya kuepuka

Kuendesha bila leseni inayotambuliwa si kosa la faini ndogo kule. Ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini kubwa au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Mwenye gari aliyemruhusu dereva huyo pia hushtakiwa. Ikitokea ajali, kampuni ya bima inaweza kumgeukia dereva na kumdai sehemu ya fidia. Rekodi ya jinai nayo inaweza kutatiza kibali cha kuishi. Hizo ndizo hasara alizonusurika dada yangu kwa siku kumi na moja.

Mtego wa pili ni leseni za kununua. Kwenye mitandao ya simu kuna wanaotangaza leseni za Ulaya "bila mtihani". Atakayekuuzia atatoweka na fedha zako, au atakupa karatasi bandia ambayo kuionyesha tu kwa polisi ni kosa jingine.

Mtego wa tatu ni kudhani kwamba mwajiri atakukumbusha. Waajiri wengine hukumbusha, wengine hawajui. Tarehe ni yako, ihesabu mwenyewe.

Kalenda ya miezi sita

Mwezi wa 1: Usajili wa makazi, kipimo cha macho, huduma ya kwanza, tafsiri ya leseni, kuchagua shule na kupeleka ombi.

Mwezi wa 2: Mazoezi ya nadharia kila siku. Masomo mawili au matatu ya kuendesha, ili mwalimu akupime.

Mwezi wa 3: Mara idhini ikitoka, fanya mtihani wa nadharia.

Mwezi wa 4 na wa 5: Masomo ya kurekebisha mazoea, kisha mtihani wa barabarani.

Mwezi wa 6: Uache kama akiba, iwapo ofisi itachelewa au utahitaji kurudia.

Na ukiona muda unakwisha, mweleze mwajiri mapema. Ni rahisi kupangiwa zamu isiyo na gari kuliko kueleza kwa nini ulisimamishwa na polisi.

Jipime

Swali la 1: Mkaazi wa kaunti yetu amehamia Ujerumani na kuanza kuishi kule tarehe 10 Machi, lakini kazi yake imeanza tarehe 1 Mei. Leseni yake ya Kenya itafika lini?
Jibu: Kufikia tarehe 10 Septemba muda wake umekwisha. Tarehe ya kuanza kazi haihesabiwi.

Swali la 2: Mwanamke aliyeishi Ujerumani kwa mwaka mmoja amekuja likizo na kupata leseni yake ya kwanza hapa Kenya. Anaweza kuitumia akirudi?
Jibu: Hapana. Alipoipata tayari alikuwa mkaazi wa Ujerumani.

Swali la 3: Kijana amefaulu nadharia, na mtihani wa barabarani ni wiki ijayo. Ameishi Ujerumani miezi saba. Anaweza kujiendesha kwenda kazini?
Jibu: Hapana. Anaweza kuendesha gari la shule akiwa na mwalimu tu.

Swali la 4: Umefika makutano yasiyo na alama. Kulia kwako anakuja mtu kwa baiskeli. Nani hupita kwanza?
Jibu: Mwenye baiskeli.

Mwisho

Sheria hubadilika, na ada hutofautiana mahali hadi mahali. Kwa hivyo, kabla ya kutoa fedha, thibitisha na ofisi ya leseni ya mji unaokwenda. Tunawaomba walimu wa vyuo vyetu vya mafunzo ya ufundi wabandike kalenda ya somo hili kwenye ubao wa matangazo, na wazazi walio na watoto wanaojiandaa kusafiri wawasomee.

Dada yangu alifaulu nadharia mara ya pili na mtihani wa barabarani mara ya kwanza. Kadi aliyopewa hutumika miaka 15 kabla ya kubadilishwa. Siku alipoipata alirudi kwa wale wazee wake wa vijijini, na bibi mmoja, anasema, alimwuliza alikuwa amepotelea wapi miezi yote hiyo.